Shimo Lililokuwa Kavu

Wadogo zangu wa maabara, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, mkampa mke wangu doti mbili za khanga, kisha mkaniomba niandike kurasa chache kuhusu miaka yangu katika Kamati ya Usalama wa Utafiti wa Kibiolojia, ili, kama mlivyosema, uzoefu usipotee. Nilicheka kidogo. Uzoefu wangu umekaa kiunoni na magotini, na kila asubuhi unanikumbusha kwamba upo. Lakini huu ni mwezi wa pili niko hapa Lulindi, mikorosho inachanua, hakuna anayepiga simu kuuliza ufunguo wa friji uko wapi, na nimeona bora niandike sasa kabla sijaanza kupamba mambo. Wastaafu hupamba.

Sitawaambia nilipandishwa daraja lini. Mkitaka hayo, faili langu liko utumishi, na nadhani kurasa nyingine zimeliwa na mchwa.

Kazi ya maabara niliianza kijana, katika hospitali ya misheni, kabla chuo chetu hakijafungua tawi Masasi. Aliyenifundisha ni Mzee Mkwinda, mtu mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi. Siku ya kwanza niliingia na shati jeupe nikitegemea kuoneshwa darubini. Akanipa brashi na beseni. Kwa wiki tatu niliosha vioo vya kupimia malaria, vya jana na vya juzi, na kila nilipomaliza alikuja kuvinusa. Sikuwahi kumwona mtu mwingine ananusa kioo.

Mzee Mkwinda alikuwa na desturi moja. Akiingia maabara yoyote, hata ya ugenini, hakuangalia daftari. Alikwenda moja kwa moja kwenye sinki. Aliangalia sinki, bomba la maji machafu, ndoo ya taka, kitambaa cha kufutia meza. Daftari alilifungua mwisho. Nilipomuuliza sababu, alinijibu huku akijifuta mikono: "Daftari linaandikwa na mtu, Daudi. Sinki haliandikwi na mtu. Anza na sinki, malizia na daftari." Nilisema sawa, mzee. Nilisema sawa kama ninyi mnavyosema sawa nikiwaambia mfunge koti la maabara vifungo vyote.

Miaka ikapita, nikahamia chuoni kama fundi sanifu wa maabara. Kisha ikaja barua kutoka makao makuu kwamba kila tawi linalofanya utafiti wa viumbe hai liunde kamati ya usalama. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Chuoni kwetu asiyekuwepo ndiye anayepewa kazi. Siku ya kuchagua wajumbe nilikuwa nimempeleka mama kwenye kliniki ya macho. Niliporudi nilikuta mimi ni katibu wa kamati na mkaguzi wake.

Tulikuwa sita. Mwenyekiti alikuwa Daktari Komba, mtu wa wanyama, mwenye haraka ya kumaliza kila kikao kabla ya adhuhuri. Utaratibu ulitaka pia mjumbe mmoja asiye mtu wa chuo, nasi tukampata Mwalimu Hamisi, mstaafu kutoka Newala, ambaye alisinzia karibu vikao vyote na kuamka penye swali la maana. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mtu akitaka kushika damu ya wanyama, bakteria, au udongo wenye ugonjwa, kwanza atuoneshe atakavyozuia kitu hicho kisitoke nje. Sisi tunasoma, tunauliza, tunakwenda kuona. Kama kila kitu kimekwenda vizuri, hakuna kinachotokea. Jaribu kumweleza mkeo kwamba siku nzima umefanya kazi ili kitu kisitokee.

Kesi ndogo zilikuwa nyingi. Kuna mhadhiri aliyefuga panya wa utafiti chini ya meza yake ofisini kwa sababu chumba cha panya kilikuwa kinavuja. Kuna mwanafunzi aliyehifadhi maini ya mbuzi mgonjwa katika friji ya chumba cha chai, kando ya maziwa, akayaandika vizuri kabisa jina na tarehe, na alishangaa tulipomlaumu maana lebo ilikuwa sahihi. Watafiti walituita kamati ya kuzuia. Nikipita korido mazungumzo yalikatika. Mtu huchoka kuwa mgeni asiyetakiwa mahali alipofanya kazi nusu ya maisha yake, na mimi nilichoka mapema.

Kesi ninayotaka muijue ni moja tu, nyingine mtazipata kwenye majalada.

Aliletwa kwetu binti mmoja msomi, Dokta Sikudhani, mtaalamu wa magonjwa ya mimea. Alitaka kuchunguza mnyauko wa mikorosho, ule ugonjwa wa kuvu anayekaa ardhini, anaingia kwa mizizi na kuukausha mti mkubwa uliokuwa ukizaa mwaka jana tu. Mkulima akiuona shambani mwake hana la kufanya ila kukata na kuchoma, na udongo wenyewe unabaki na kuvu huyo kwa miaka. Dokta Sikudhani alitaka kuleta udongo wa shamba lililougua, apande humo miche ya aina mbalimbali, aone ipi inahimili. Alitaka kuufanya utafiti huo Newala, kwenye kituo kidogo cha chuo, kwa sababu kule ndiko kwenye mikorosho na ndiko wakulima wanakosubiri jibu.

Mnaona hatari ilivyo. Unachukua ugonjwa wa mikorosho unaupandisha hadi uwanda wa juu wa Newala, ambao watu wake wanasomesha watoto kwa mikorosho. Tulikaa vikao vinne. Mwishowe tukakubali, kwa masharti kumi na mawili. Kitalu nyumba kiwe na wavu mara mbili. Viatu vya ndani visitoke nje. Udongo uliokwisha kutumika upikwe kwenye otoklevu, ile sufuria kubwa ya mvuke, kabla ya kutupwa. Na sharti la saba, ambalo niliandika mimi kwa mkono wangu: maji yote yanayochuruzika kutoka kwenye viriba, vile vifuko vya miche, na maji ya kuoshea vifaa, yatiwe dawa ya klorini, yalale hadi kesho yake, kisha yamwagwe kwenye shimo maalumu lenye kokoto na mfuniko wa zege.

Sharti hilo niliandika nikiwa Masasi, ofisini, bomba likiwa hatua sita kutoka mezani kwangu. Nataka mkumbuke hilo.

Mhudumu wa kitalu alikuwa Mama Somoe, mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Newala, Mmakonde, mjane, mtu wa swala tano. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa Dokta Sikudhani. Kila siku aliandika daftarini: ndoo ngapi za maji zimetoka, dawa vijiko vingapi, saa ngapi, nani ametia. Siku ya kwanza kukagua nilimwambia, "Mama Somoe, ungekuwa mwanafunzi wangu ningepumzika." Akacheka, akasema, "Baba Neema, mimi sheria nazifuata. Nimezaliwa kwa mwalimu wa madrasa."

Kila mwezi nilipanda mlima kwa gari la mradi kwenda kukagua. Safari ile inavunja mgongo, na kule juu mwezi wa sita na wa saba kuna ukungu na baridi inayoingia hadi kwenye meno. Nilifika nimechoka. Nilikaa kwenye kiti, Mama Somoe akaniletea chai ya tangawizi na daftari. Nililisoma daftari, nikatazama wavu, nikahesabu viatu, nikaweka alama za vema kwenye fomu, nikatia sahihi. Miezi minane nilifanya hivyo. Nilianza na daftari na nilimalizia na daftari.

Mwezi wa tisa wa mradi tulimzika Mzee Mkwinda. Alikuwa amezeeka sana na macho yalikuwa yamekwisha kabisa, lakini mjukuu wake aliniambia hadi mwisho alikuwa akinusa vikombe kabla ya kunywea. Nilipotoka msibani ilikuwa zamu yangu ya kukagua Newala. Nilifika saa nne asubuhi, kiangazi kimekaza, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Mama Somoe hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumpa pole jirani, na daftari lilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati alikuwa nao yeye.

Sikuwa na cha kusoma. Ndipo nikamkumbuka mzee wangu, nikaona aibu peke yangu pale uani. Nikasema, haya basi, sinki. Sinki lilikuwa safi. Ndoo zilikuwa safi. Nikaenda nyuma ya kitalu kwenye shimo, nikainua mfuniko kwa nondo, nikachungulia.

Lilikuwa kavu. Sisemi lilikuwa na maji machache. Kokoto zilikuwa na vumbi, na katikati buibui alikuwa ametanda utando wake toka ukuta mmoja hadi wa pili, utando mkubwa wa siku nyingi. Mradi ulikuwa unatoa ndoo tatu hadi nne za maji kila siku, kwa mujibu wa daftari nililolitia sahihi mara nane. Nilikaa chini kwenye mchanga.

Mama Somoe alirudi karibu na saa sita, khanga ya msibani bado kichwani.

"Shikamoo Baba Neema. Umefika zamani? Pole na safari."

"Marahaba, mama. Poleni na msiba. Mama Somoe, maji ya kitalu unayamwaga wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake.

"Kumwaga? Maji?" Kisha akacheka. "Baba, hapa Newala nani anamwaga maji? Nayatia dawa kama mlivyosema. Yanalala siku mbili hadi harufu iishe. Nayachuja kwa khanga safi. Halafu nakwenda nayo kunywesha mikorosho yangu."

"Sharti la saba liko pale ukutani."

"Nimelisoma. Nikajua mmewaandikia watu wasio na haja na maji."

Wala hakuwa anajificha. Alinichukua mwenyewe, kwa furaha, akanipeleka kwenye shamba la marehemu mama yake, mwendo wa nusu saa kutoka kituoni. Kwa Wamakonde ardhi hupita kwa mama, na shamba lile lilikuwa limemfikia likiwa na mikorosho mizee ambayo haizai tena. Katikati ya ile mizee alikuwa amepanda miche mipya thelathini na moja, mwishoni mwa mvua, akainywesha ndoo kwa ndoo kiangazi chote. Mashamba ya jirani miche ilikuwa imekunja majani na kuwa na rangi ya vumbi. Ya kwake ilinifika magotini, majani mapana, kijani kibichi.

"Nitamwachia Somoe," akasema. "Mama yangu alishuka bondeni kuteka maji toka akiwa mwali hadi mgongo ulipokataa. Ndoo moja, asubuhi nzima. Sisi maji ya kuoshea mchele tunaoshea vyombo, ya vyombo tunanywesha mti. Nyie wa Masasi mna visima hadi mlangoni, hamuwezi kujua."

Mimi ni mtu wa Lulindi, wilaya hiyo hiyo ya Masasi. Nilijua na sikujua. Nilikuwa nimepita Newala maisha yangu yote, nimeona mabati yenye mifereji na matangi chini ya kila paa, nimeona akina mama wakipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, na bado niliketi ofisini nikaandika neno "yamwagwe."

Nikamweleza pale pale shambani. Dawa inaua kilicho ndani ya maji, nikasema, lakini kama kuna chembe ya udongo, hata bonge dogo kama punje ya mtama, kuvu anaweza kujificha ndani yake na dawa isimfikie. Khanga haimzuii. Ndiyo maana tulitaka maji yaende shimoni na yasiende popote pengine. Huenda ugonjwa ulikuwa tayari kwenye shamba la mama yake, na kutoka hapo ungekwenda kwa majirani.

Aliinama, akashika jani la mche uliokuwa karibu naye. Kisha akauliza swali ambalo bado nalisikia nikiwa naosha mikono.

"Mbona hayo hamkuyaandika ukutani?"

Tulirudi kituoni. Njiani nilifikiria kunyamaza. Nawaambieni wazi kwa sababu nanyi mtafika hapo siku moja. Ningeweza kumwambia aanze kumwaga leo, nikae nitazame miche ile, na pengine pasingetokea kitu. Yeye angebaki na kazi na mikorosho yake, mimi ningebaki na jina langu, Dokta Sikudhani angemaliza utafiti. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii maradhi yenyewe hayakuwa yangu. Yalikuwa ya uwanda mzima. Jioni ile nilimpigia simu Mwenyekiti.

Kikao cha dharura kilikaa siku mbili baadaye. Daktari Komba alikuwa amekasirika, na hasira yake ilitafuta mtu wa chini kabisa kama maji yanavyofanya. Alisema mhudumu aondolewe kazini mara moja. Akaongeza, "Jamani, maji yakishamwagika hayazoleki."

Mwalimu Hamisi, ambaye tulidhani amelala, akafungua macho. "Shida yetu, Mwenyekiti, ni kwamba hayakumwagika." Akajinyoosha kwenye kiti. "Naomba kuuliza. Kati yenu mlioandika sharti hili, nani amewahi kushuka bondeni Newala kuteka ndoo moja ya maji na kupanda nayo?"

Mimi nikasimama nikasema kwamba sharti la saba niliandika mimi, fomu ya ukaguzi yenye safu ya ndoo na dawa lakini isiyo na safu ya "yamepelekwa wapi" niliitengeneza mimi, na sahihi nane ni zangu. Kama kuna wa kuondoka, tuanzie hapo. Sikusema kwa ushujaa. Nilisema kwa kuchoka, na mtu aliyechoka wakati mwingine husema kweli kwa sababu hana nguvu ya kutunga.

Kamati iliamua mambo matatu. Mradi usimame hadi taarifa ifike ngazi za juu. Mama Somoe abaki kazini. Na miche yote thelathini na moja ing'olewe pamoja na udongo wa mizizi, sampuli zichukuliwe zikapimwe, kilichobaki kipikwe kwenye otoklevu. Dokta Sikudhani, ambaye alikuwa anapoteza msimu wake mzima, alilia kidogo ndani ya gari tukipanda mlima, kisha akafuta uso, akaanza kukata mifuko ya sampuli.

Tulifika shambani asubuhi, watu wanne, na majembe yetu. Mama Somoe alikuwa amefika kabla yetu. Alikataa tuguse. "Nimepanda mimi, nang'oa mimi," akasema. Alichimba kila mche kwa mkono, taratibu, bila kukata mizizi, kama anayeuhamisha kwenda kuupanda pengine. Sisi kazi yetu ilikuwa kushika mifuko na kuandika namba. Alipofika mche wa thelathini na moja jua lilikuwa kichwani.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alikwenda kwenye kivuli, akaleta ndoo ya maji aliyokuwa ameibeba toka nyumbani, na kata, akasema, "Karibuni mnawe, mmeshika udongo." Sisi tulikuwa wageni shambani kwa mama yake, na mgeni hanyimwi maji ya kunawa. Tukanawa. Maji yale yakadondoka kwenye beseni pamoja na vumbi la udongo ule. Na mimi, kwa sheria niliyoiandika mwenyewe, ikabidi nifungue chupa ya dawa nitie kwenye beseni, niyamimine maji yake kwenye dumu, nilifunge, nilipakie garini. Alisimama akinitazama nafanya hivyo. Sijawahi kuona aibu kazini kuliko siku ile, na nimewahi kudondosha trei nzima ya sampuli mbele ya waziri.

Majibu yalichukua miezi. Yalikuja kwa barua, ukurasa mmoja na nusu. Katika sampuli zote za miche na za udongo wa shamba lile, kuvu wa mnyauko hakuonekana. Hata mmoja. Kikaoni barua ilisomwa, ikaandikwa "imepokelewa," ikaingia jaladani, tukaendelea na ajenda ya chai. Mradi ukaruhusiwa kuendelea. Nilipouliza nani atamwambia Mama Somoe, Daktari Komba alisema hakuna sharti linalotutaka tumwambie, na kwamba ni afadhali tusimuumize mara mbili. Hakusema kwa ubaya. Wengine waliitikia kwa vichwa.

Nililala na barua ile kichwani wiki mbili. Kisha nikaomba ruhusa ya siku moja, nikapanda mlima kwa gharama yangu.

Nilimkuta anafagia ua wa kituo. Nikamwambia tukae. Nikamsomea barua, mstari kwa mstari.

"Kwa hiyo ilikuwa mizima," akasema.

"Ilikuwa mizima."

"Yote?"

"Yote, mama."

"Na mngeweza kujua bila kuing'oa?"

"Hapana. Mizizi ndiyo inayopimwa."

Aliangalia fagio lake. Macho yalijaa, lakini hayakumwagika. Nikaanza kusema pole, akanikatiza kwa kiganja. "Pole nimepewa na watu wengi, Baba Neema. Wewe nioneshe. Miezi yote hii nalinda kitu, sijakiona hata siku moja."

Hilo lilikuwa kweli, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulifikiria. Tukaingia ndani. Nilitoa kipande kidogo cha kuvu aliyeoteshwa kwenye sahani ya Dokta Sikudhani, nikakipaka kwenye kioo, nikatia tone la rangi ya buluu, nikamwekea kiti cha juu. Ilimchukua muda kuzoea darubini. Kila mtu wa mara ya kwanza huona kope zake mwenyewe. Kisha akatulia.

"Hivi vidogo vilivyopinda?"

"Ndivyo. Hizo ni mbegu zake."

"Kama mundu." Akatazama tena, muda mrefu. "Kidogo hivi. Na kinaangusha mkorosho wa babu." Alipoinua kichwa alikuwa mtu mwingine, au pengine ni mimi niliyekuwa namwona tofauti. Akasema, "Kama ni hiki, basi hata mimi ningeing'oa."

Nikiwa bado pale, alichukua ndoo ya maji yaliyolala na dawa tangu jana, akaenda nayo nyuma, akafungua mfuniko wa shimo, akayamwaga. Aligeuza uso pembeni wakati wa kuyamwaga. Kwa miaka iliyobaki nilikuwa nikimwona kila mwezi, na hakuwahi kukosa hata siku moja, na hakuwahi kuyatazama.

Niliporudi Masasi nilifuta masharti yote kumi na mawili, nikayaandika upya. Baada ya kila sharti niliweka mstari unaoanza na "kwa sababu." Daktari Komba alilalamika kwamba karatasi imekuwa ndefu. Ni ndefu kweli. Ninyi mnaolalamika kwamba fomu zetu zina safu nyingi za sababu, sasa mnajua zilikotoka, na nawaomba msizifute mkitaka kubana karatasi. Mtu anaweza kulinda jambo asiloliona akiwa anajua sababu yake. Asipoijua atafanya kile ambacho mama yake alimfundisha, na mama yake hakukosea.

Siku yangu ya mwisho ya kukagua Newala, miezi mitatu iliyopita, nilianza na sinki. Kisha shimo: mfuniko ulikuwa na ukungu wa kijani pembezoni, kokoto zimelowa. Daftari nilifungua mwisho. Nilipokuwa natia sahihi, Mama Somoe alitoka nyuma ya nyumba na mche mmoja wa mkorosho ndani ya kiriba, majani manne.

"Huu ni wako, wa kwenda nao Lulindi," akasema. "Nimeuotesha nyumbani, siyo hapa. Udongo wa nyumbani. Maji ya mvua, ya bati langu mwenyewe. Andika, maana najua bila kuandika hautoki."

Ni kweli, kulikuwa na fomu. Mche wowote ukitoka eneo la kituo unaandikwa. Nikatoa kalamu. Jina la mche, chanzo, udongo, maji, mpokeaji. Nilijaza hadi nikafika safu ya mwisho, ile niliyoiongeza mimi mwenyewe, nikasita.

"Hapa wanataka sababu ya kuutoa," nikasema.

Mama Somoe alifikiri kidogo, akirekebisha khanga yake begani.

"Andika: kwa sababu ulikuja kuniambia."

Nikaandika. Mche uko hapa mlangoni nikiwaandikia, umefikisha majani tisa, na maji ninayonawia mikono ndiyo ninayounywesha.